Piano, Piano

Saa nane za usiku, Agosti 2015, nilikuwa katikati ya umati wa watu Torrepaduli, kijiji kilichoko kwenye kisigino cha Italia, nikipiga tari la kuazima huku kidole gumba kinavuja damu. Mzee aliyesimama kushotoni kwangu akaniinamia sikioni: "Piano, piano." Nikapunguza sauti.

Kosa langu lilianzia Tanga.

Nimekulia Ngamiani, kwenye kwaya ya parokia. Karatasi zetu za nyimbo zilikuwa za solfa, yaani noti za herufi, zimerudufiwa na kurudufiwa tena mpaka *d* na *l* hazitofautiani. Juu pembeni paliandikwa mwendo wa wimbo, Andante, Presto au Allegro moderato, katikati palikuwa na *f*, *mf* na *p*, na mwishoni D.C., yaani rudi mwanzo, na neno Fine. Mwalimu alitufafanulia mara moja tu: *p* ni piano, imba kwa sauti ndogo, *f* ni forte, toa sauti. Hatukuuliza ni lugha ya nani. Mimi nilidhani ni Kilatini, kwa kuwa kanisani kila kisichoeleweka kilikuwa Kilatini. Fine tulilisoma "faini", na hilo halikutusumbua hata kidogo, maana aliyeendelea kuimba wakati wenzake wamenyamaza alitozwa faini kweli, shilingi 100, papo hapo.

Nilipofika Lecce, mji wa kule kisiginoni mwa Italia, kusoma ndipo maneno yale yakaanza kunishangaza. Dereva wa basi aliagwa kwa "a presto", tutaonana karibuni. Mama wa duka la mikate alimsifu mjukuu wake kuwa ni allegro, mtoto mchangamfu. Senema ya kwanza niliyoitazama huko ilifunga kwa neno Fine, nikacheka peke yangu gizani. Ilikuwa kama kumkuta padri sokoni amevaa kaptura ananunua nyanya.

Siku ile ya tarehe 15 mwenzangu wa nyumba, mzaliwa wa vijiji vya huko, alinipakia kwenye gari. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Roko, alisema, watu hucheza pizzica, ngoma ya huko, Torrepaduli mpaka kunakucha. Njiani akanisimulia habari za taranta, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja aibu ya ukoo. Zamani wanawake waliovuna ngano na kuchuma tumbaku waliugua, ikasemwa wameumwa na buibui, ndiye taranta. Wapigaji wa fidla na tari waliitwa nyumbani kwa mgonjwa, wakajaribu mdundo huu na ule mpaka wapate anaouitikia, kisha wakaupiga hata kwa siku kadhaa huku yeye akicheza. Palikuwa na vitambaa vya rangi, na rangi aliyoichagua mgonjwa ilikuwa na maana yake. Tarehe 29 Juni wagonjwa walikwenda kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Paulo huko Galatina kuomba au kushukuru. Mwaka 1959 mtaalamu Ernesto de Martino alikuja na wenzake kuyachunguza hayo, na 1961 akayatolea kitabu.

Nikamwambia: kwetu hiyo ni kupunga pepo. Pepo ana ngoma yake, na nguo yake huidai kwa rangi. Akazima redio ya gari, akataka nimweleze upya, taratibu. Nadhani alikuwa amejiandaa kunishangaza.

Torrepaduli pizzica haingoji jukwaa. Watu hujitengenezea duara, wao huliita ronda, matari kumi au zaidi, pengine na akodiani, na wawili wanaingia katikati kucheza. Nilipita pia kwenye duara la wanaume watupu, wanaocheza kama wanapigana visu, ila kisu chenyewe ni vidole viwili, cha shahada na cha kati, vimenyooshwa. Walikuwa wanatazamana kwa namna ambayo sikutaka kusogea karibu.

Tari lao, tamburello, nililitambua kabla sijaligusa. Ngozi ya mbuzi, fremu ya duara, vibati vinalia pembeni: ndugu wa matari ya zefe niliyokuwa nikiyakimbilia utotoni na watoto wa jirani, mpaka mama akanichapa kwa kurudi nyumbani usiku na maulidi ambayo si yetu. Hata mwendo wake, sita kwa nane, mkono wangu uliujua. Basi nikajipa moyo. Kijana mmoja alipochoka, nikanyoosha mkono.

Kuujua mdundo ni jambo moja, na kulijua tari la watu ni jingine. Lao hupigwa kwa kuzungusha kifundo cha mkono, ncha za vidole, kisigino cha kiganja na gumba vikipokezana bila kupumzika. Gumba langu lilichubuka mapema, nami kwa kiherehere nikazidi kukimbia.

"Piano," alisema yule mzee. Nikapiga kwa sauti ndogo, kasi ileile. "Piano!" Nikapunguza tena, vidole vikagusa ngozi kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Mzee akaacha kupiga, akanitazama usoni, akafungua mikono yote miwili: "Pianoooo!" Nikabaki natikisa vibati tu, visivyosikika, mbio zilezile, na wachezaji wawili wa katikati wakageuka kuona nani anayewaharibia.

Mwenzangu alinivuta nje ya duara akiwa hoi kwa kicheko. Barabarani na nyumbani, piano ni polepole pia. Mzee alikuwa ananiambia nisiharakishe. Alilichukua tari, akafuta damu kwa shati lake mwenyewe, akalirudisha kwa mwenyewe. Mpaka alfajiri nilipiga makofi tu, na yule mzee, kila alipopita karibu nami, alinikonyeza na kuninong'oneza neno lilelile.

Kulipokucha nikampigia Mwalimu simu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Huko salama?"

Nikamweleza yote, na kwa kuwa nilikuwa sijalala nikajitia ualimu: nikamwambia lile neno la mwisho wa wimbo husomwa "fine", kwa *i* na *e* zetu hizihizi za Kiswahili, na maana yake ni mwisho. Miaka yote ile tulilikosea.

Akanyamaza kidogo.

"Na hao wa huko," akauliza, "aliyeharibu wimbo wamemtoza ngapi?"