Nilivyojiandaa kupandikizwa kiinitete nikiwa na mtoto wa miaka miwili

Nitaanza na jibu, maana najua anayesoma habari za namna hii anatafuta jibu kwanza: mimba ilishika, na sasa nimevuka wiki ya 20. Lakini si kwa ajili ya jibu hilo ninaandika. Hata kama lingekuja jingine, haya ya maandalizi yangebaki vilevile, na ndiyo niliyoyakosa nilipoyahitaji. Maelezo ya dawa yapo tele. Ya mwanamke anayezimeza huku mtoto anamvuta gauni akitaka uji, sikuyapata.

Tunaishi Walukuba, Jinja. Mimi ni fundi cherehani, nashona zaidi sare za shule. Mume wangu ni dereva wa lori, anatoka Mombasa hadi Juba, kwa hiyo nyumbani hupita tu. Binti yetu tulimpata kwa IVF, yaani yai langu na mbegu ya mume wangu kukutanishwa maabara, kwenye kliniki moja ya Kampala baada ya kungoja sana, na vikabaki viinitete vya ziada, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, vikagandishwa. Vilihifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo hakuna kinachosonga mbele. Mimi nimeongeza umri, kiinitete umri wake ni ule wa siku kilipogandishwa.

Daktari alitaka muda upite kwanza. Binti yangu alizaliwa kwa upasuaji, na kovu la mji wa mimba lazima lipone sawasawa kabla ya kubeba tena. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 ipite kati ya kujifungua na kushika mimba nyingine, naye akaushikilia ushauri huo. Alilikagua kovu kwa skani, akaridhika, kisha akasema atapandikiza kimoja tu. Wako wanaoomba viwili wakitumaini kuongeza bahati. Mapacha huja na hatari zao, ikiwemo kuzaliwa kabla ya wakati, na kwa mwenye kovu na mtoto wa kubeba mgongoni, hatari hizo si za kuombea. Nilikubali papo hapo.

Kumwachisha ziwa kulinitoa jasho kuliko dawa yoyote iliyofuata. Mtoto akinyonya, mwili hutoa homoni iitwayo prolaktini, nayo huweza kuvuruga hedhi na kuzuia yai kupevuka. Kliniki yetu ilitaka niwe nimeacha kabisa kunyonyesha kabla ya kuanza maandalizi. Miaka miwili kamili, ile iliyotajwa katika Suratul Baqara, ilikuwa imetimia, kwa hiyo kwa upande wangu moyo ulitulia. Wa binti yangu haukuwa na sababu ya kutulia. Kuna wanaopaka shubiri au pilipili kwenye chuchu, mtoto aonje achukie. Mimi sikuweza. Kitu anachokipenda kuliko vyote kimgeukie ghafla kuwa kichungu, tena kutoka kwa mama yake mwenyewe? Nikaanza na mchana. Ile saa nne aliyozoea kuja kunipandia mapajani kwenye cherehani, nikawa ninamwahi na kikombe cha uji wa mtama, tunakaa kibarazani anakunywa ananisimulia habari za kuku wa jirani. Likabaki la usiku. Mama mkwe akaja kutoka Bombo, akalala naye, mimi nikahamia chumba cha pili. Usiku wa kwanza nilimsikia akilia, "Mama, nyonyo," na bibi yake akimjibu taratibu, "Nyonyo imelala, mjukuu wangu. Njoo kwa bibi." Nililia nami huku upande wangu. Siku zilivyokwenda akawa anaamka, anaomba maji, anageuka analala.

Nilifanya hivyo miezi mingi kabla, kwa makusudi. Nilijua safari za Kampala zinakuja, na sikutaka apoteze ziwa na mama kwa mara moja.

Mama mkwe ndiye pia aliyeniuliza swali ambalo wengine waliliuliza nyuma yangu. "Mwanangu, Mungu amekupa mmoja. Huyu mwingine unamtafuta kwa shida zote hizi kwa nini?" Hakuuliza kwa ubaya, nami sikumjibu kwa haraka. Nilimwambia, "Mama, wewe ulizaa saba, na hakuna aliyekuuliza kuhusu wa pili." Akanyamaza kidogo, akaniuliza sasa lililokuwa moyoni mwake: je, dini inasemaje? Nikamweleza kwamba Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Misri, ilitoa fatwa mwaka 1980 kuiruhusu njia hii, mradi ni mbegu ya mume na yai la mke ndani ya ndoa yao, na vyetu ndivyo vilivyo. Nikamwambia pia si mambo ya jana: mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984, na Uganda yetu ilipata mtoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2004. Tangu siku hiyo akawa ndiye mlinzi wa siri yetu. Jirani akiuliza mbona mara kwa mara naenda Kampala, yeye hujibu, "Amefuata vitambaa." Na kweli vitambaa nilikuwa narudi navyo.

Anayetaka kuanza safari hii akiwa na mtoto, ningemwomba achukue kalenda kabla hajaichukua dawa. Mimi nilitafuta upenyo kati ya Idd na kufunguliwa kwa muhula wa pili. Vidonge vya mara tatu kwa siku na Ramadhani havikai pamoja, na shule zikikaribia kufunguliwa sishiki kitu kingine zaidi ya cherehani. Fomu za ridhaa lazima mume na mke wote wasaini, na wangu angeweza kukwama kwenye foleni ya malori Elegu, mpakani na Sudan Kusini, siku ileile anayohitajika. Tukazisaini mapema, aliporudi kutoka Mombasa. Gharama ni ya mfukoni mwetu, hatuna bima ya kuibeba, na sehemu kubwa tuliikusanya polepole kwenye SACCO.

Kisha nikamwuliza sista wa kliniki swali moja ambalo naona ndilo lililonisaidia kuliko yote: siku zipi zinaweza kusogezwa, na zipi haziwezi hata kwa saa chache?

Akanieleza vizuri. Kwa mpango tuliopewa, mama huanza vidonge vya estrojeni mwanzoni mwa hedhi, vyangu vilikuwa vya miligramu 2, asubuhi, mchana na usiku. Kazi yake ni kuunenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba. Baada ya siku kumi na kitu hupimwa kwa skani, na daktari hupenda kuona unene wa milimita 7 au zaidi, wenye mistari mitatu. Mpaka hapo kuna nafasi ya kupumua: skani ikichelewa siku moja au mbili, unaendelea na vidonge na hakuna kilichoharibika. Projesteroni, homoni inayoutayarisha utando huo kukipokea kiinitete, ikishaanza, mlango umefungwa. Kiinitete cha siku tano huwekwa baada ya siku tano za projesteroni, kwa sababu mji wa mimba hukipokea kwa muda mfupi tu. Saa ya kuanza hupangwa na kliniki, nawe unaifuata kama ilivyo.

Basi nikaipanga nyumba kwa mizani hiyo. Siku za estrojeni, mama mkwe peke yake alitosha. Siku za projesteroni, nilitaka mtu wa pili aliye tayari: jirani yangu, mwenye mtoto wa rika la binti yangu, ambaye nilimwambia ukweli nusu.

Mpango huo ulijaribiwa mapema. Usiku wa kuamkia skani, binti yangu akachemka mwili. Alfajiri nikawa naye kituo cha afya, wakamtoboa kidole, malaria. Akapewa dawa mseto: ya kwanza palepale, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni hadi siku ya tatu. Nilikaa kwenye benchi nimempakata, joto lake linapita kwenye kitenge hadi kifuani kwangu, na gari la Kampala nilishalilipia. Nikampigia sista. "Mama, kaa na mtoto. Endelea na vidonge, uje akipoa." Kama nisingeuliza lile swali mapema, ningempandisha gari akiwa na homa, au ningemwacha na kwenda huku moyo umebaki nyuma. Nilibaki. Akatapika kipimo cha kwanza, wakampa tena, akalala. Nilipokwenda hatimaye, utando ulikuwa milimita 8 na zaidi kidogo.

Kuhusu dawa na mtoto nyumbani kuna mambo nisiyotaka yapite. Vidonge vya estrojeni vina ganda la sukari, ni vyeupe na vidogo, na kwa mtoto ni peremende. Vyangu vilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na kopo lenyewe nikalifunga kwa mpira. Iko pia estrojeni ya jeli ya kupaka ngozini. Nilipouliza, daktari akasema kwa mtu anayebeba mtoto siku nzima afadhali vidonge, maana jeli inaweza kuhamia kwenye ngozi ya mtoto. Projesteroni yangu ilikuwa ya kuweka ukeni, miligramu 400 asubuhi na jioni, na huyeyuka kwenye joto, kwa hiyo hiyo ilikaa chini kabisa, mahali penye ubaridi, ndani ya sanduku lenye kufuli. Ukishaiweka inabidi ujilaze kitambo isivuje. Mtoto wa miaka miwili akimwona mama amelala chali mchana huona amepewa ruhusa ya kumrukia tumboni. Nilichukua muda wake: ya asubuhi baada ya swala ya alfajiri, kabla hajaamka, na ya jioni baada ya usingizi kumchukua. Saa hizo mbili zikawa zangu peke yangu. Nilizipenda.

Siku moja kabla ya kupandikizwa nilikwenda Kampala nikalala kwa wifi yangu Ntinda, kwa sababu foleni ya kuingia Kampala kutoka Mukono haina huruma. Binti yangu nilimwacha Jinja. Nilimwambia, "Mama anaenda kwa daktari Kampala, analala kwa shangazi, halafu anarudi." Kuhusu mdogo wake sikumwambia neno. Mtoto wa umri ule ukimwahidi kitu atakiuliza kila siku, na sikuwa na uhakika wa kumpa.

Asubuhi simu ikalia: kiinitete kimeyeyushwa, kimevuka salama. Nikanywa maji mpaka kibofu kikajaa, maana kibofu kilichojaa kinasaidia mji wa mimba uonekane kwenye skani. Waliniuliza jina langu, la mume wangu na tarehe ya kuzaliwa, nikajibu, wakauliza tena mlangoni mwa maabara, na sikuchoka kujibu. Hakuna usingizi wa dawa, na maumivu hayakuwepo zaidi ya usumbufu wa kibofu. Kwenye skrini nikaona nukta nyeupe ikitua. Mwenzake wa kundi hilohilo, aliyeanza siku moja naye, muda huo yuko Jinja anafukuza kuku.

Kabla sijashuka kitandani niliuliza lililokuwa likinisumbua: barabara ya kurudi, mashimo yake, na kumbeba binti yangu. Daktari akasema kiinitete hakidondoki. Kimekaa kama punje ya simsim iliyobanwa katikati ya mikate miwili iliyopakwa karanga. Akaongeza kwamba utafiti uliolinganisha waliolazwa kitandani na walioinuka haukuona faida yoyote ya kulala. Tembea, fanya kazi zako nyepesi, acha jerikeni la lita 20. Na mtoto? "Mbebe, mama. Akija mbio, chuchumaa kwanza, halafu umbebe." Wanawake wangapi wameambiwa na ndugu walale wiki mbili bila kuinuka, na wana watoto wa kulisha? Ningependa kila mmoja wao asikie maneno yale.

Nilirudi kupitia Mabira, nikanunua gonja za kuchoma Namawojjolo. Binti yangu alinipokea mlangoni. Nilichuchumaa, nikambeba.

Siku za kungoja kipimo cha damu zilikuwa ndefu, lakini mwenye mtoto hana nafasi ya kuzihesabu. Jambo moja kubwa la kipindi kile ni dawa zisikatike. Kwa mpango huu wa vidonge, yai halipevuki mwezi huo, kwa hiyo mwili hautengenezi projesteroni ya kutosha wenyewe mpaka kondo la nyuma lishike kazi. Hata ukiona matone ya damu, usiache. Piga simu kwanza. Nilinunua akiba ya kutosha Kampala mapema, na mume wangu kila akipita huko alipitia duka la dawa. Daktari aliziachisha nilipofika wiki ya 12.

Viinitete vilivyobaki bado viko kule, na ada ya kuvihifadhi hulipwa kila mwaka. Tumekubaliana kuilipa hadi huyu azaliwe, ndipo tukae tuamue. Binti yangu tulimwambia tumbo lilipoanza kuonekana. Akaligusa, akauliza kama huyo mtoto naye atakunywa uji kwenye kikombe chake. Nikamwambia atanunuliwa cha kwake.