Fomu ya upangaji iandikwe na aliyewahi kupanga

Nyumba ya mama iko Tandika, Dar es Salaam: vyumba sita, choo na bafu uani, LUKU mbili, yaani mita za umeme wa kulipia kabla. Mimi kazi imenileta Dodoma, na huku nimepanga. Wapangaji wa mama wananipigia mimi simu, nami nampigia mwenye nyumba wangu. Nilipoamua kuhamishia mambo ya Tandika kwenye fomu za mtandaoni, nilijua tangu mwanzo kwamba sitaki kunakili ile mikataba inayouzwa steshenari. Ile imejaa "mpangaji haruhusiwi", na mwenye nyumba kazi yake ni kupokea kodi tu.

Natumia Google Forms. Ni bure, na linki yake inatumwa kwa WhatsApp. Fomu ya kwanza ni fupi: jina, simu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), watu watakaolala chumbani, na ndugu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, kwa hiyo nimeweka sharti fomu ikatae zikipungua au zikizidi. Picha ya kitambulisho siombi. Kabila na dini siulizi pia, ingawa mikataba mingi ya karatasi bado inauliza. Havilipi kodi wala haviharibu kitasa. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini. Dalali aliomba naye awe anaona majibu. Nilimkatalia.

Fomu ninayoipenda kuliko zote ni ya hali ya chumba. Inajazwa kabla mzigo haujashushwa kwenye kirikuu, mpangaji akiwa na simu yake mkononi na mdogo wangu akiwa pembeni. Kitasa na idadi ya funguo, nyavu za dirisha, swichi, soketi, dari, rangi. Kila kimoja unachagua: kizima, kibovu, au hakipo. Halafu uniti zilizobaki kwenye LUKU. Picha nilitamani ziingie humo humo, lakini Google Forms humtaka anayepakia faili aingie kwanza na akaunti yake ya Google, na watu wengi nenosiri wamelisahau siku ile ile waliponunua simu. Basi picha zinapita WhatsApp, siku hiyo hiyo, kwa pande zote mbili, na majibu namtumia mpangaji kwa PDF.

Nasisitiza hili kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali upangaji wa mwaka mmoja au pungufu uwe wa mdomo. Vyumba vingi vya uswahilini vinapangishwa hivyo. Likizuka la kuzuka, dari ilipasuka lini? Kila mtu ana kumbukumbu yake, na kumbukumbu ya mwenye nyumba ndiyo yenye nguvu.

Sasa LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kwenye vyumba vya kushea mita ugomvi unakuwa mara mbili: wapangaji wanachangishana, aliyeshika simu siku hiyo ndiye anakatwa, na uniti zikija pungufu anaonekana amekula hela za wenzake. Nimeweka swali la lazima: kodi ya majengo ikikatwa, nani anafidia, na vipi? Kwetu Tandika jibu ni moja. Mnunuzi anamtumia mama ile meseji ya LUKU, na kiasi kilichokatwa kinapunguzwa kwenye pango lake linalofuata.

Kuna sehemu pia ya kujazwa na mwenye nyumba. Paa likivuja, litazibwa ndani ya siku ngapi? Kodi ya chumba ikipanda, taarifa itatolewa miezi mingapi kabla? Ataingiaje chumbani mpangaji akiwa hayupo? Mama aliposomewa alishtuka: "Mwanangu, sasa mimi ndiye nahojiwa nyumbani kwangu?" Nikamweleza yaliyonipata Dodoma, nyumba niliyokaa kwanza, mwenye nyumba akifungua kwa ufunguo wa akiba mimi nikiwa kazini. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika sitaingia bila kupiga simu."

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, lakini mkataba wenyewe bado tunauchapisha na kuusaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mama ana amani na muhuri, wapangaji nao vilevile, na sioni sababu ya kuwanyima.

Fomu ya kuhama ina maswali yale yale ya kuingia, kwa mpangilio ule ule, ili kwenye jedwali majibu yakae sambamba na mtu asidaiwe kitasa alichokikuta kibovu. Imeongezwa swali moja: kodi ya miezi aliyolipia bila kukaa itarudishwa lini? Hesabu ikifungwa, namba yake ya NIDA naifuta kwenye jedwali. Nabakiza chumba, tarehe na hali ya vitu.