Siku moja maishani mwangu: zizi la punda waliomaliza kazi, Dodoma

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa saba Dodoma upepo wa alfajiri unaingia mpaka kwenye mifupa, na manyoya ya punda hayana kinga dhidi ya mvua na baridi kama ya farasi. Kwa hiyo tunaanza na tochi kabla ya chakula. Nani amejitenga? Nani ameinamisha kichwa na masikio yamelala? Nani hakugusa mabua ya usiku? Punda haoneshi maumivu. Ng'ombe akiumwa utamjua mapema, lakini punda atasimama tu kimya, na mtu asiyemjua atasema ametulia.

Zizi liko nje kidogo ya mji, upande wa Nzuguni. Punda 14, wote walikuwa wa mikokoteni: maji, mchanga, matofali, kuni. Wengi hufika kwetu wakiwa na miaka 10 hadi 15, na punda aliyetunzwa anaweza kufika 25 au 30, maana yake ni kwamba maisha yake bado ni nusu. Farasi wa mashindano naye huachishwa mapema. Huanza mbio akiwa na miaka 2, wengi hawafiki 10 wakiwa bado uwanjani, na umri wao unaweza kupita 25. Ila wale wanaotoka uwanja wa Ngong kule Nairobi wapo wanaofundishwa upya kubeba wanaojifunza kupanda, wapo wanaoingia kwenye polo, mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi, na majike mazuri huzalishwa. Punda wa Dodoma hufunguliwa kamba tu. Atazunguka barabarani na majalalani akila mifuko ya plastiki. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini ya vifungashio bado imejaa, na punda hawezi kutapika. Plastiki ikijikunja tumboni inaziba njia, na hapo ni maumivu mpaka kufa.

Saa 12 tunagawa chakula. Wenye meno wanapata mabua ya mtama na uwele, kama kilo mbili na nusu kwa punda wa kilo 150, pamoja na majani makavu ya karanga kidogo. Hawahitaji zaidi ya hapo. Punda ameumbwa kuishi kwa nyasi kavu zisizo na nguvu nyingi, na ukimrundikia pumba anaota mafuta shingoni, kisha kwato zinawaka moto kwa ndani.

Wazee wasio na meno wana ndoo zao. Gramu 300 za pumba za mahindi na konzi moja ya mashudu ya alizeti, vyote vilowekwe kwa saa nzima mpaka viwe kama uji mzito, mara tatu kwa siku. Usiwape vikavu, vitawakwama kooni. Na usianze na kipimo kizima siku ya kwanza. Ongeza polepole kwa siku 10 hadi 14. Utamjuaje asiye na meno mazuri? Angalia chini anapokula. Akidondosha vibonge vya nyasi zilizotafunwa nusu, au kinyesi chake kina vipande virefu vya majani, tatizo liko mdomoni. Taya la juu la punda ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego yanasagika upande mmoja na kuacha kingo kali kama kisu, za juu zikichoma shavu na za chini zikichoma ulimi. Daktari wa mifugo huzipiga tupa. Kazi hiyo si ya kujaribu mwenyewe.

Saa 2 mpaka saa 4 ni vidonda. Maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, unamwagia kidonda mpaka uchafu wote utoke, unakausha, unapaka asali. Asali yetu hii ya Manyoni na Singida, isiyochanganywa na sukari, inavuta maji kwenye kidonda na kuua vijidudu. Tunapokea punda waliopakwa oili chafu ya gari na majivu ya betri, na ngozi imeungua zaidi ya pale matandiko yalipokwangua. Aliyechomwa msumari au mwiba kwenye kwato tunampigia daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu ya pepopunda. Jina la ugonjwa huu halikutoka hewani: punda na farasi wanashikwa nao haraka sana, na akishakakamaa taya ni vigumu kumrudisha.

Saa 4 na nusu akaja mzee mmoja na punda wawili. Mbukwa, mbukwa, ndiyo salamu ya Kigogo, shikamoo mzee wangu, marahaba. Mmoja ni dume kijana mwenye nguvu. Mwingine ni jike la kijivu, anachechemea, kwato za mbele zimerefuka na kupinda juu kama viatu vya zamani. Kwa mwaka na zaidi hakuna aliyezigusa.

"Kijana wangu, kata zote leo. Jumamosi nataka awe Msalato mnadani."

Tulimweleza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwato ndefu huwezi kuirudisha kwa siku moja. Mguu umeshazoea kusimama vile, na kano za nyuma zimejipanga kwa urefu ule. Ukiondoa sentimita tano kwa mkupuo, kano zinavutwa na unaweza kufikia nyama hai. Tunakata kidogo, tunamwacha wiki tatu au nne, tunarudia, pengine mara nne. Mzee alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema fundi mmoja wa mtaani alimwahidi kumaliza kwa panga kwa elfu tano.

Tukamshika jike lile tuanze angalau awamu ya kwanza mbele yake aone. Wakati wa kiangazi kwato ni ngumu kama jiwe, kwa hiyo tulimfunga magunia yaliyolowa maji kwa dakika 20. Kisha chokoo, chuma cha kuchokolea kwato, kutoa mavi na mawe kuanzia kisigino kwenda kidoleni. Kisha koleo, kipande kidogo kidogo kuzunguka ukuta wa kwato. Wayo ukianza kuonesha rangi ya waridi, unasimama hapo hapo. Mwisho tupa kusawazisha. Kwato ya kulia ilikuwa na tundu jeusi lenye unga unga pale ukuta unapokutana na wayo. Tulilichimba kwa kisu chenye ncha iliyopinda mpaka pakatokea sehemu ngumu nyeupe, maana ukiliziba na uozo ndani linapanda juu na ukuta mzima unaachana. Saa moja na robo kwa miguu miwili. Mgongo unauma kwa namna ambayo hata ukikaa haupoi.

Mzee akasema basi, niwaachie huyu mbaki naye, mimi niende na dume langu, maji hayajisombi. Hapo ndipo tulipobishana kweli. Wale wawili wamevuta mkokoteni mmoja kwa miaka sita. Punda hushikamana wawili wawili, na ukiwatenganisha ghafla, mmoja anaweza kugoma kula. Akigoma, mwili unafungulia mafuta yaliyohifadhiwa yaingie kwenye damu, mengi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Damu inakuwa na mafuta kama mchuzi, ini na figo vinashindwa, na siku chache zinatosha kumuua. Wanene na wazee ndio wa kwanza. Hata mmoja akifa, tunamwacha mwenzake akae na mzoga kwa muda, anuse, aelewe, ndipo tuuondoe.

"Sasa mimi nitakula nini?" mzee akauliza. Swali la haki. Madumu 12 ya lita 20 kila safari, watoto shuleni, na dume lile ndilo linalomlisha. Tulimpa njia nyingine: arudi na wote wawili, jike apumzike nyumbani karibu na mwenzake, na sisi tuje kwake kila baada ya wiki nne kukata kwato. Akasema hawezi kulisha asiyefanya kazi. Akasema bora Msalato. Punda mzee anayechechemea mnadani, anayemnunua hamnunui avute kitu, anamnunua wa kuchinja. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, lakini karatasi haishiki kamba ya punda asubuhi ya mnada. Tukakubali abaki. Dume likaondoka likilia njia nzima, na jike akasimama langoni ameelekeza masikio barabarani.

Mchana ulipita na ugali wa mtama na mlenda tukiwa tumesimama. Maji, kufagia, maji tena. Punda mmoja anakunywa lita 10 mpaka 25 kwa siku, na maji machafu anayakataa hata akiwa na kiu, kwa hiyo mapipa yanasuguliwa kila siku. Sijui ilikuwa saa ngapi tulipomaliza kukatakata mabua ya kesho.

Jua linazama na jike la kijivu bado yuko langoni. Tumemweka jirani na punda mzee mpole zaidi tuliye naye, hakugeuka. Joto la mwili 37.2, sawa. Anapumua vizuri. Tumbo linanguruma kwa mbali tu. Tumemwekea gramu 300 za pumba zilizolowekwa na molasi kidogo ili anuse utamu. Tukampigia mzee, tukamwambia ukweli bila kumtisha: hajala tangu saa 6. Kimya kidogo, halafu akasema ataleta dume saa 10 alfajiri, kabla ya safari ya kwanza ya maji, na dume lilale naye usiku unaofuata, na baadaye tuongee habari ya kuja kwake nyumbani.

Saa 3 usiku tumepima ndoo: zimebaki gramu 280. Mdomo wake ni mkavu kidogo, tumemlowesha kwa kitambaa na ameyalamba maji. Zamu ya kwanza inamwangalia tena saa 6.