Oili ya sinthetiki: gari langu na gari la mjomba

Nikishika chupa ya oili dukani, kwanza naigeuza. Mbele kuna picha ya gari linalokimbia na maandishi makubwa yanayotangaza kwamba hii ni sinthetiki kamili. Nyuma kuna maandishi madogo ya kukaziwa macho: API SP, ACEA C3, VW 504 00, MB 229.51. Ni alama za viwango (API ni taasisi ya petroli ya Marekani, ACEA ni umoja wa watengenezaji magari wa Ulaya) na za idhini za Volkswagen na Mercedes-Benz. Hayo madogo ndiyo ninayoyalipia. Magari mawili ya nyumbani kwetu, langu na la mjomba, nayafanyia sevisi mwenyewe, na kazi hii naipenda kwa moyo wote. Kwa hiyo nataka kulisema hili mapema: usinthetiki ni swali la tatu. La kwanza ni uzito gani, yaani unene wa oili, injini inautaka, la pili ni idhini ipi aliyeiunda anaidai. Ukishayajibu hayo mawili, mara nyingi la tatu linakuwa limeshajijibu.

Gari langu lina injini ndogo ya petroli, lita 1.4, yenye turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi kwa nguvu ya moshi wa ekzosi. Kitabu chake kinadai idhini ya VW 504 00, na sijawahi kuona oili ya madini, ile ya kawaida isiyo sinthetiki, yenye idhini hiyo. Mjadala wa kwangu ukaishia hapo. Gari la mjomba ni Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, lita 1.5, haina turbo, na humeza kama lita 3.7 filta ikibadilishwa. Kitabu chake kinaitaja 5W-30 kwanza, tena kwa daraja la ubora ambalo karibu kila oili inayouzwa leo imeshalipita. Hapo ndipo kuna kuchagua kwa kweli.

Nianze na hizo namba, maana ndizo zinazowapotosha wengi. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyojiendesha kwenye baridi kali. Oili ya 5W hupimwa kama itaruhusu injini kuzungushwa na stata kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 0W kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Namba ya pili hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, karibu na joto la injini iliyokwisha kuchemka. Oili yoyote ya 30, ianze na 0W, 5W au 10W, kwenye joto hilo lazima iwe na mnato kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha sentistoki. Ya 40 inaanzia hapo 12.5 na kuishia chini ya 16.3. Kwa hiyo anayeikataa 0W-40 akisema ni nyepesi mno kwa sehemu za joto anaikataa bure: injini ikishapata moto, hiyo na 10W-40 ziko kwenye safu moja.

Na kuna jambo ambalo mtu wa sehemu ya joto hulisahau. Hata asubuhi isiyo na baridi, hewa ikiwa nyuzi 20 tu, oili ya 5W-30 ni nzito zaidi ya mara kumi kuliko itakavyokuwa injini ikichemka. Sekunde za kwanza baada ya kuwasha, pampu inasukuma kitu kizito kwenye vijia vyembamba, huku vyuma vya juu vikisubiri. Oili inayotiririka mapema inaokoa vyuma hivyo kila siku, popote mtu anapoishi.

Sasa sinthetiki yenyewe. Oili ya madini hutoka kwenye mafuta ghafi yaliyosafishwa, na hata yakisafishwa hubaki na molekuli za kila umbo: ndefu, fupi, zenye nta, zenye salfa. Ni kama kokoto za mtoni ukizilinganisha na zilizopita kwenye chekeche moja. Zile fupi hugeuka mvuke kwanza injini ikipata moto, zenye nta hugandisha oili kwenye baridi, na zilizo dhaifu hushikana na oksijeni na kuwa tope. Sinthetiki ya aina ya PAO huundwa kiwandani kwa kuunganisha molekuli ndogo hadi zifikie urefu unaotakiwa. Aina nyingine, inayoitwa kundi la tatu, huanzia kwenye mafuta ghafi, lakini hupitishwa kwenye haidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa mpaka molekuli zake zinavunjwa na kupangwa upya.

Je, hiyo ya pili ni sinthetiki kweli? Ugomvi huu una historia. Mobil 1, ambayo iliingia sokoni mwaka 1974, ilikuwa ya PAO. Castrol walipoanza kuuza oili ya kundi la tatu kwa jina la sinthetiki, Mobil walipeleka malalamiko Marekani kwenye National Advertising Division, chombo kinachosikiliza mashauri ya matangazo. Mwaka 1999 chombo hicho kikaamua kwamba Castrol wanayo haki ya kulitumia jina hilo. Tangu hapo chupa nyingi zinazojiita sinthetiki kamili zina kundi la tatu ndani yake, pekee au likichanganywa na PAO. Ujerumani wameshika msimamo mkali zaidi juu ya jina hilo.

Mimi sikasiriki. Oili haiishii kwenye mafuta ya msingi. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na viungo vinavyotiwa ndani: vya kusafisha, vya kubeba masizi yasitulie chini, vya zinki na fosforasi vinavyolinda vyuma vinapogusana. Kundi la tatu lenye viungo vizuri, lililofaulu majaribio ya aliyeunda injini yangu, nalichukua mbele ya PAO isiyo na idhini yoyote mgongoni. Ndiyo maana nakazia mgongo wa chupa. Na hapo soma kwa makini: kuna tofauti kubwa kati ya oili iliyopewa idhini na mtengenezaji wa gari, na ile ambayo muuzaji mwenyewe anasema inafaa kwa magari yanayotaka idhini hiyo. Ya kwanza imepelekwa kupimwa na kukubaliwa. Ya pili ni ahadi ya anayeuza.

Kwenye turbo sina mjadala. Ule mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande wake mmoja ukipigwa na moshi wa moto wa ekzosi, na kinachoubeba ni utando mwembamba wa oili. Ukizima injini ghafla baada ya kupanda mlima, oili iliyobaki mle ndani inaokwa. Oili dhaifu hugeuka mkaa, mkaa huziba kijia, na turbo inakufa kwa kiu. Sinthetiki huvumilia joto hilo kwa mbali. Hata hivyo natembea polepole dakika chache za mwisho kabla ya kuzima, kwa sababu hakuna oili inayopenda kuokwa.

Injini hizi ndogo zenye turbo na petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wao mwingine. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa kwenye gia kubwa na mizunguko ya chini, mchanganyiko unaweza kujiwasha kabla ya plagi kutoa cheche, na pigo hilo linaweza kuvunja pistoni. Uchunguzi ulionyesha kwamba oili yenyewe inahusika: viungo vya kusafisha vyenye kalisiamu nyingi huchochea hali hiyo. Ndipo kikaja kiwango cha SN Plus mwaka 2018, kisha API SP mwezi Mei 2020, ambacho pia kinapima uchakavu wa cheni ya taimingi. Mwenye injini ya namna hii akiuziwa oili ya daraja la zamani, hata ikiwa sinthetiki kamili kwa maana zote, amekosa ulinzi aliokuwa anauhitaji. Na mwenye dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosi aangalie herufi C za ACEA, kwa mfano C3, maana oili yenye majivu mengi hulijaza chujio hilo kwa vitu visivyoungua.

Turudi kwa mjomba. Alinijia na ushauri wa gereji. "Mwanangu, hili gari limetembea sana. Fundi kaniambia niweke 20W-50, eti injini ikizeeka inataka oili nzito."

"Mjomba, linapunguza oili kati ya sevisi na sevisi?"

"Halipunguzi. Kila nikipima iko pale pale."

"Linatoa moshi wa bluu?"

"Hapana."

Basi hakuna ugonjwa wa kutibiwa. Umri wenyewe haubadilishi upana wa vijia vya oili. Injini yake ina mfumo wa kubadili muda wa valvu unaoendeshwa kwa shinikizo la oili, na kikaza cheni kinachoitegemea hiyo hiyo; 20W-50 ingechelewa kuvifikia. Ingekuwa inakula oili kweli, ningempandisha ngazi moja kutoka zile ambazo kitabu chenyewe kinaziruhusu, na ningetafuta inapopotelea.

Alikuwa na hofu nyingine pia, ambayo naisikia kila mahali: kwamba sinthetiki hufanya gari kuukuu livuje. Ina chimbuko. Sinthetiki za mwanzo hazikuelewana na mpira wa sili za siku zile. Za leo hupimwa na mpira kabla ya kupewa idhini. Kinachoweza kutokea ni oili safi kuyeyusha tope lililokuwa limeziba sili iliyokwisha kufa. Sili ilikuwa mbovu tangu zamani, na dawa yake ni kuibadilisha. Nilichungulia chini ya kifuniko cha valvu cha mjomba, nikakuta chuma safi chenye rangi ya asali. Tukaweka 5W-30 ya sinthetiki, kwa sababu anasafiri mbali na injini yake inakaa kwenye moto kwa saa nyingi. Angekuwa anabadilisha oili kwa wakati na kutembea kidogo kidogo, ya madini yenye daraja sahihi ingemtosha, na ningemwambia hivyo bila kusita.

Suala la kuchanganya halinisumbui. Ukipungukiwa njiani, ongeza oili yoyote ya uzito uleule na daraja linalofaa, hata ikiwa ya madini. Oili zenye leseni ya API hupimwa kama zinachanganyika. Utapoteza sehemu ya ubora, injini haitadhurika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni watu kuweka sinthetiki halafu kuisahau. Safari zangu mimi ni fupi, injini mara nyingi inazimwa kabla oili haijachemka. Petroli kidogo na mvuke wa maji huteremka kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, na kukaa humo, kwa kuwa vinahitaji joto la muda mrefu ili vitoke. Usinthetiki hauviondoi. Vitabu vingi vya magari vina ukurasa wa matumizi magumu: safari fupi, vumbi, foleni, kuvuta mzigo. Wengi wetu tumo kwenye ukurasa huo bila kujua. Kwa hiyo mimi hubadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa dereva wa kawaida, na filta huondoka pamoja na oili. Rangi siifuati; oili iliyogeuka nyeusi huenda inafanya kazi yake ya kubeba uchafu vizuri kabisa.

Baada ya kumwaga na kujaza, washa injini mpaka taa ya oili izimike, kisha uizime injini, subiri dakika chache gari likiwa mahali tambarare, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia oili. Kwenye magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Ongeza kidogo kidogo. Ukiipita alama ya juu, krankishafti itaichapa oili hiyo na kuitia povu, na povu halibebi beringi. Ikizidi, fungua nati ya chini tena uipunguze siku hiyo hiyo.