Damu katika Kipimo cha 1:35

Juu ya meza yangu hapa Kisumu kuna modeli ya meli ambayo nimeshindwa kuimaliza tangu Machi, na kilichonikwamisha si gundi wala rangi. Ni SS Khedive Ismail, meli ya abiria iliyogeuzwa kuwa ya kubebea majeshi, ambayo ilitoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo ikiwa na watu 1,511, wakiwemo mamia ya askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 ya mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliyoitwa I-27 iliipiga kwa topido mbili, ikazama katika dakika chache na kuondoka na roho 1,297. Kama habari ingeishia hapo, ningejua la kufanya. Lakini nyambizi ile ilijificha chini ya maji yale yale walimokuwa wakielea walionusurika, na manowari ya Uingereza, HMS Petard, ikaja juu yao ikaangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji, ili adui aliyekuwa huko asiufikie msafara uliobaki. Nichonge nini ndani ya maji hayo?

Wasioifahamu kazi hii huenda wakadhani ni mchezo wa watoto. Modeli za kijeshi hupunguzwa kwa kipimo maalumu, na kinachopendwa zaidi kwa vifaru na askari wa miguu ni 1:35, ambapo mtu wa mita 1.75 hubaki sentimita 5 kamili. Seti za viwandani ni ghali zikifika huku, kwa hiyo vitu vingi navikata mwenyewe kutoka mikebe ya aiskrimu, nyaya za simu na mabaki ya bati ninayopewa na mafundi wa jua kali pale Kibuye. Meli yangu ni ya 1:350, na mtu wake ana milimita 5. Hana uso. Nilipoianza niliamini kwamba udogo huo ungenisaidia kukwepa swali gumu, nikakosea.

Kazi yangu ya kwanza yenye maiti niliifanya miaka tisa iliyopita, nayo ilikuwa mbaya kwa kila kipimo. Askari wa King's African Rifles alilala kando ya handaki, mguu umekatika, naye nilikuwa nimemmwagia rangi nyekundu inayong'aa kana kwamba ninapaka lango. Shangazi yangu, ambaye alikuwa muuguzi hadi alipostaafu, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu amekufa jana au sasa hivi?" Nilimjibu kwamba sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Akanieleza kwamba damu haibaki nyekundu. Huanza kuwa nyeusi pembeni, hugeuka hudhurungi, hupoteza mng'ao, na udongo mkavu huinywa upesi ikabaki kama doa la chai. Halafu akanionyesha jambo ambalo hakuna mchongaji aliyewahi kuniambia: mtu aliyeumia vibaya hutafuta kitu cha kushika, iwe shuka, nyasi au mkono wa jirani, lakini mikono ya askari wangu ilikuwa imetandazwa kama ya mtu anayeota jua.

Baadaye nilifanya hesabu rahisi ambayo ningepaswa kuifanya mapema. Doa la rangi lenye upana wa sentimita 3 katika kipimo cha 1:35 ni dimbwi la mita moja na sentimita tano, na mimi nilikuwa nimepaka matatu. Ukatili mwingi unaoonekana katika modeli hizi, nikisema kweli, ni kosa la kipimo kabla ya kuwa kosa la adabu. Fundi ambaye angeona haya kuweka bawaba kubwa mno kwenye mlango wa kifaru huona sawa kummwagia binadamu mmoja damu ya watu watatu.

Siku hizi nikilazimika kumwonyesha aliyekufa humfunika blanketi na kuacha buti nje, au humgeuza uso upande wa ukuta. Wapo wanaoiita hiyo woga. Siwakatalii moja kwa moja, kwa sababu blanketi nalo laweza kuwa uongo: vita ambamo kila maiti imefunikwa vizuri ni vita ambavyo havikupiganwa popote. Hata hivyo, nadhani kinachopaswa kumwongoza mchongaji ni kile anachotaka mtazamaji akijue, kwa kuwa jicho likishaona utumbo halioni tena kitu kingine kwenye ubao unaobeba modeli, hata ukikesha mwezi mzima ukipaka vifungo vya sare.

Vita vya kwanza vya dunia katika sehemu zetu vilinifundisha hilo kuliko vingine. Wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, ambao jina lao limebaki kwenye mtaa wa Dar es Salaam na kwenye soko la Nairobi, walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Nyanza ilitoa vijana wengi sana katika kikosi hicho. Nilipotaka kuuchonga ukatili huo niligundua kwamba rangi nyekundu haikuwa na kazi yoyote pale. Nilichonga wanaume wanne na mizigo yao kichwani, na mmoja ameketi kando ya njia, mzigo wake umewekwa chini vizuri, kamba bado imefungwa. Magoti yake niliyafanya manene kuliko mapaja. Hakuna aliyeitazama kazi hiyo akauliza kama ameketi kupumzika.

Nyingine ni ya Bukoba. Juni 1915 jeshi la Waingereza lilipanda meli hapa hapa Kisumu, likavuka ziwa, likauteka mji huo, likaharibu mtambo wake wa simu ya upepo, na kisha askari wakapora nyumba. Wachongaji hupenda mnara unaoanguka. Mimi nilichagua askari anayetoka mlangoni na saa ya ukutani kwapani, na nyuma yake, ndani ya giza la nyumba, kivuli tu cha mtu aliyesimama. Kilichotokea ndani ya nyumba ile sikukichonga, wala sitakichonga. Ubakaji hauna pembe ya kuutazamia ambayo haimfanyi mtazamaji kuwa mmoja wa waliosimama pale. Hiyo ni kanuni yangu pekee ambayo haina mjadala.

Kuhusu alama ya Wanazi, ambayo vijana huniuliza sana, nitasema kwa ufupi. Ujerumani inapiga marufuku kuionyesha hadharani isipokuwa kwa sababu chache kama za elimu na sanaa, na ndiyo maana viwanda vingi huiondoa kwenye vibandiko au huikata vipande viwili vya kuunganisha mwenyewe. Ndege iliyokuwa nayo mkiani naiwekea, kwa sababu historia haifutwi kwa wembe. Ila siipigi picha peke yake, na siitengenezi bendera yake kuwa pambo la ubao.

Mwaka jana kijana mmoja kutoka Nakuru, ambaye nyumba yao haiko mbali na kambi ya jeshi ya Lanet, aliniomba nimchongee El Adde, kambi ya Somalia ambako wanajeshi wetu walishambuliwa tarehe 15 Januari 2016, na alitaka "kila kitu". Nilimkatalia, naye akaniuliza kwa haki kabisa kwa nini wapagazi wa 1916 ni halali na hawa si halali, ilhali wote ni wafu. Jibu nililompa ni kwamba kwa hawa wa juzi kuna mama ambaye bado anaweza kumtambua mwanawe kwa namna alivyovaa kofia. Jeshi halikutoa idadi kamili ya waliokufa wakati ule, na sioni kwa nini familia ambazo hazikupewa hesabu zipewe sanamu. Labda mtu wa jamaa yao akija kuomba mwenyewe, nitaketi naye tuzungumze. Kijana hakuridhika, nami sina uhakika kwamba nilimjibu vizuri.

Basi, turudi kwenye meli. Nimeamua kuacha wakati wa mlipuko, kwa sababu nguzo ya maji meupe ni nzuri mno, na uzuri huo ungeimeza habari yote. Nitaionyesha Petard ikiwa imeshageuza, povu limekatwa na pua yake, mabomu bado yamo kwenye reli zake za nyuma, na mbele yake maboya, vipande vya mbao na watu. Mikono nimeitengeneza kwa unywele wa brashi uliokatwa, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja umeshika kitu: ubao, kamba, bega la mwenzake. Mabaharia wa sitahani nimewageuza wote kutazama mbele, ukiacha mmoja.

Shangazi alipita Jumapili akauliza kama wote walikuwa wanaume. Nikamwambia kwamba wanawake 77 walikufa, wauguzi wengi miongoni mwao, na 6 tu waliokolewa. Alichukua miwani yake, akainama juu ya maji ya gundi ambayo bado hayajakauka, akauliza wako wapi. Sikuwa nimewaweka. Kesho nitaanza kuwakata, na itanibidi nipasue sehemu ya bahari ili waingie.