Beseni la Maji Baridi

Juzi saa saba usiku nimemkuta mpwa wangu, yule wa mwaka wa pili chuoni, kakaa na madesa yake ya masomo mezani, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji baridi.

"UE kesho, mjomba," akasema kabla sijamuuliza. Mtihani wa mwisho wa muhula.

Nilidhani beseni lilishapitwa na wakati, siku hizi wana vile vinywaji vya kopo.

UE yangu mimi, enzi hizo, ilikuwa baiokemia, saa mbili asubuhi. Siku tatu nyuma nilikuwa nalala masaa mawili mawili. Usiku wa mwisho sikulala kabisa. Kahawa chungu saa nne, nyingine saa saba, halafu kimbweta, ile meza ya kusomea ya chuoni, na beseni. Maji yale hushtua dakika chache tu, ukiyazoea umerudi palepale. Kosa ni kuitoa miguu, kuifuta na kuvaa soksi: ikipata joto, usingizi unakuja mzimamzima. Kahawa nayo haiondoi uchovu, inauficha. Inaziba pale ambapo adenosini, kemikali inayorundikana ubongoni tangu umeamka, ingegonga. Baada ya masaa matano hivi nusu ya kafeini imeshaondoka mwilini, na adenosini inakusubiri kama deni la dukani.

Swali la kwanza: chora mzunguko wa Krebs, zile hatua ambazo seli huvunia nishati ya chakula. Nikacheka kimoyomoyo, ukurasa ule niliupiga msuli mara nne. Sitrati. Isositrati. Alfa-ketoglutarati. Suksinili-CoA. Suksinati. Kisha kimya. Ukurasa wenyewe nilikuwa nauona: upande wa kulia, wino wa kijani, doa la chai kwenye kona. Neno lililokuwa juu ya doa silioni. Nikafumba macho nilitafute vizuri. Nilipofumbua, kalamu ilikuwa imeburuta mstari kutoka kwenye suksinati mpaka ukingoni mwa karatasi, na msimamizi kasimama pembeni anautazama ule mstari kana kwamba ndilo jibu.

"Zimebaki dakika arobaini," akaninong'oneza.

Neno lenyewe, fumarati, lilinijia mlangoni, nikitoka.

Jioni ile nililala kama gogo, nikaamka naujua mzunguko wote, hatua nane, na vimeng'enya vyake. Ubongo huyapanga uliyosoma ukiwa umelala. Usingizi mzito huja zaidi mwanzoni mwa usiku, ule wa ndoto huongezeka kuelekea alfajiri, kwa hiyo mtu wa masaa mawili huo wa pili anaukosa karibu wote. Haya niliyajua baadaye, Septemba, nikijiandaa na sapu, mtihani wa marudio.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, miguu bado majini. Nikakosea nikamtajia kwamba kimbweta kile tulikaa wawili, tukakesha sawasawa, na beseni lilikuwa la mwenzangu.

"Yeye alipata ngapi?"

"A."

Akavuta desa lake karibu na taa. Nikamwambia anyanyue miguu, nikabeba beseni kwenda kuyamwaga yale maji.