Mashine ya mtumba na sakafu ya Kirikuu: nilivyojifunza kuchomelea bati la gari

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikibebeshwa samaki huzeeka sakafu kabla ya injini. Yangu inapakia alfajiri Feri, soko la samaki la Dar, makreti yanachuruzika maji ya barafu yenye chumvi njia nzima, jioni inarudi kulala Kigamboni, ambako hata bawaba za madirisha zinaota kutu. Injini yake ya cc 660 haijawahi kunisumbua. Ila ukinyanyua zulia upande wa dereva ulikuwa unaona barabara.

Fundi bodi niliyempa kazi hiyo mara ya kwanza alipiga riveti kipande cha bati juu ya kutu, akapaka pati, akapulizia rangi, ikapendeza. Mvua za masika zilipopita, kutu ilikuwa imetambaa chini ya kile kipande na tundu limekuwa kubwa kuliko la awali. Kwa bei ile sikutegemea akae siku nzima akikata kila penye ugonjwa, na hakuna fundi wa mtaani ambaye angekaa. Anayeweza kutumia siku nzima kwenye sakafu ya Kirikuu ni mwenye Kirikuu. Ndipo nikaanza kutafuta mashine.

Mashine rahisi kupata ni ya rodi, ile fimbo ya chuma inayoyeyuka ukichomelea, iwe transfoma zinazosukwa hapa hapa mjini au inverta ndogo za kielektroniki zinazobebwa begani. Kwa geti, kwa kitanda cha chuma, hata kwa chesisi, rodi inatosha. Kwa bodi ya gari ni mateso. Rodi ya milimita 2.5 inataka ampea 60 hadi 90 ndipo iwake vizuri, na bati la bodi mara nyingi lina unene wa milimita 0.7 hadi 1. Unagusa, linatoboka, unajaribu kuziba, tundu linapanuka. Nimewaona mafundi mageti hodari kabisa wakishindwa na mlango wa gari. Wazee wa kazi hutumia gesi, oksijeni na asetilini, na wanaoiweza wanafanya kazi safi mno, lakini joto lake linaenea eneo kubwa, bati linajikunja, na sikutaka mitungi ya asetilini karibu na chumba wanacholala watoto. Ikabaki migi: mashine inayosukuma waya mwembamba kutoka kwenye roli huku gesi ikilinda chuma kinachoyeyuka kisiguswe na hewa.

Mpya ilikuwa juu ya uwezo wangu. Nikaenda eneo la Gerezani, hapa hapa Dar, kwenye mashine zilizotumika kutoka Ulaya, Japani na Dubai.

Mtu akiniuliza leo, namwambia asianze na rangi wala ukubwa, aanze na kile kibati cha maelezo kilichopigwa ubavuni. Alama ya 1~ ni umeme wa fezi moja, huu wa majumbani. 3~ ni fezi tatu, na kama huna laini hiyo, mashine iwe nzuri vipi haikuhusu. Halafu tazama volti. Mashine nyingi za Japani zimeandikwa 100 au 200, kwa sababu umeme wao wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Ya 100 ukiichomeka ukutani bila transfoma ya kupunguzia umeiua papo hapo, na muuzaji ameshahesabu hela yake. Kuna pia asilimia iliyoandikwa karibu na ampea. Ukikuta asilimia 20 kwenye ampea 120, maana yake kwa ampea hizo mashine inachomelea dakika 2 katika kila 10, zinazobaki inapoa. Wengi wanaikimbia asilimia ndogo. Mimi haikunitisha, kwa sababu bati jembamba unalichomelea kwa sekunde moja moja. Utapumzika wewe na bati kabla mashine haijachoka.

Niliyoipenda ilikuwa ya Ulaya, fezi moja, transfoma ya zamani nzito kuinua peke yako, swichi za kuzungusha tu, haina kioo wala kompyuta. Niliichagua makusudi. Inverta ya mtumba ikiharibika bodi yake ya umeme, hewa hii ya chumvi na vumbi ikiwa imeshachangia, mara nyingi huo ndio mwisho wake. Transfoma inasukwa upya na fundi wa mtaani.

"Hii bosi inachoma mpaka reli," muuzaji akaniambia, akachukua kipande cha angle line kinene na kunipigia mshono mzuri sana. Nikamwambia, "Kaka, chuma kinene kila mashine inakiweza. Naomba tujaribu hapa." Nikatoa kipande cha boneti nilichokuja nacho kwenye mfuko. Alicheka, lakini akakubali, na hapo ndipo nilipoona kwamba kwenye swichi ya chini kabisa mashine inatulia bila kutoboa. Kabla ya hapo nilikuwa nimefungua kifuniko nikanusa ndani: koili iliyoungua ina harufu ya vanishi iliyokaangwa ambayo haitoki hata baada ya miaka. Nikaangalia magurudumu yanayosukuma waya kama mfereji wake ni wa waya wa milimita 0.8 na haujalika. Nikabonyeza bunduki ya kuchomelea huku waya ukisukumana na kipande cha mbao, nione kama unakwenda sawasawa au unakwama na kuruka. Feni inazunguka, vali ya gesi inalia "tak" ukibonyeza, waya mnene wa klampu inayobanwa kwenye chuma haujachanika. Tukavutana bei mpaka ikafika karibu nusu ya mpya. Jiandae lakini: regyuleta, mtungi, roli ya waya, kofia, glavu za ngozi na grinda vilikaribia bei ya mashine yenyewe.

Nyumbani nilimwita fundi umeme aivutie laini yake peke yake kutoka kwenye meni, yenye breka ya ampea 20 na ethi ya kweli iliyochimbiwa ardhini. Usichomeke mashine hii kwenye soketi ya friji. Ekstensheni ya roli nayo, ukiitumia ikiwa imeviringishwa, inapata moto hadi plastiki inalainika. Jambo la umeme ambalo nililigundua kwa kutumia ni kwamba jioni, mtaa mzima ukiwasha mafeni na majiko, volti inashuka na moto wa mashine unakohoa. Asubuhi unawaka vizuri. LUKU ambayo kila mtu alinitisha nayo haikupanda kwa kiasi cha kusumbua, maana kazi ya bati ni kugusa na kuacha.

Kuhusu kujifunza, anayetaka cheti kuna kozi za VETA, na Chang'ombe si mbali kwa mtu wa Dar. Biashara ya samaki haikuniachia nafasi ya darasani, kwa hiyo Jumapili nilikuwa saidia fundi kwenye kijiwe cha mzee mmoja jirani anayetengeneza mageti. Hakunipa migi, hana. Alinipa rodi na vipande vya chuma chakavu, akanifundisha kukaa: kiwiko kimeegemea kitu, mikono yote miwili kazini, mwili haukaziki. Neno lake lililonisaidia kuliko yote lilikuwa hili: "Usitazame moto, mdogo wangu. Tazama uji ulio nyuma ya moto." Uji ni kile chuma kilichoyeyuka. Ukishauona, unajua umepana kiasi gani, unaelekea wapi, na kama uko karibu kudondoka chini. Kabla hujauona unachora tu mistari gizani.

Tulichopishana pale ni kinga ya macho. Pale kijiweni vijana wanachomelea na miwani ya jua, wengine wanafumba jicho moja. Miwani ya jua si kinga ya mwanga ule. Maumivu yenyewe hayaji hapo hapo, yanakuja usiku, macho yanakuwa kama yamemwagiwa mchanga, na mtu anasingizia vumbi. Mimi nina kofia yenye kioo namba 11. Kuna na ile imani ya maziwa: ukivuta moshi wa bati la mabati, kunywa maziwa. Moshi wa zinki unaleta homa na kutetemeka saa chache baadaye, na maziwa hayaufuati mapafuni. Dawa ni kutochomelea bati la kuezekea kwenye gari lako, au kulikwangua zinki yote kwanza na kukaa upande unakotoka upepo.

Migi nilijifundisha mwenyewe kwenye boneti chakavu niliyonunua kwa kilo. Ina vitu viwili vya kupatanisha, volti na mwendo wa waya. Waya ukienda kasi mno unausukuma mkono wako nyuma. Ukienda polepole unayeyuka hadi kwenye ncha ya bunduki na kuganda hapo. Katikati yake kuna sauti moja tulivu, ya dagaa wakikaangwa, na ukishaipata masikio yanakuongoza kuliko macho. Gesi nilianza na lita 10 kwa dakika. Kipindi cha kusi haikutosha, kwa sababu upepo wa Kigamboni unaipeperusha gesi na mshono unatoka na vitundu kila mahali. Kuongeza gesi ni kuchoma hela. Nilining'iniza turubai pande mbili za banda, tatizo likaisha. Waya wenye dawa ndani, usiohitaji gesi, unastahimili upepo, ila lazima ubadilishe chanya na hasi ndani ya mashine, na kwa bati jembamba niliuona mkali.

Kila mshono wa mazoezi niliubana kwenye jiliwa nikaukunja kwa nyundo. Ukivunjika kwenye kiungo, ulikuwa umekaa juu juu hata kama unapendeza. Nilipoona bati lenyewe linakunjika na mshono umeshika, nikahamia kwenye gari.

Nilitoa kwanza tangi la mafuta, nikalipeleka mbali na banda. Nikachomoa betri, viti, zulia na kila kinachoweza kushika moto, ndoo ya maji na mchanga vikawa karibu. Mpwa wangu alikaa kazi yake moja, kutazama upande wa pili wa bati, kwa sababu cheche unazoziona wewe sizo zinazounguza gari.

Kukata ndiko kulikochukua muda. Unagonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Nilikata hadi kilipolia kote, tundu likawa kubwa la kutisha, kisha nikachora umbo lake kwenye boksi la karatasi, nikalihamishia kwenye bati la milimita 1 na kulikunja taratibu lifuate mikunjo ya sakafu. Kingo zote niling'arisha hadi chuma cheupe, juu na chini, na klampu nikaibana karibu kabisa na ninapochomelea.

Halafu ni nukta tu. Nukta kona hii, nukta kona ya pili, nukta katikati, unaruka upande wa pili, unasubiri hadi uweze kugusa kwa kiganja, unarudi kujaza mapengo. Ukivuta mshono mrefu kwa pupa bati linapinda na halirudi. Mapengo yalipokuwa mapana niliweka nyuma yake kipande cha bomba la shaba la friji nilichokipiga bapa. Shaba haishikani na waya, inaushikilia uji usidondoke. Mwisho grinda, praima, sila kwenye maungio, rangi nzito chini, na matundu ya kutolea maji nikayaacha wazi. Yale yaliyozibwa na pati ndiyo yaliyoifuga kutu.

Mhimili wa chesisi chini ya kichanja na sehemu inayofungwa mkanda wa kiti sikugusa. Nilimlipa fundi mwenye uzoefu, nikasimama pembeni kumtazama.

Makreti sasa yanakaa kwenye trei ya plastiki yenye mpira wa kutolea maji nyuma, nje kabisa ya chesisi. Mlango wa kushoto nao umeanza kuvimba rangi chini. Nimeshanunua boneti nyingine chakavu, ya gari lenye bati nene kidogo, na nasubiri kusi ipungue.